Unafuata bidhaa India? Zijue desturi kwanza

Mfanyabiashara mdogo anayekwenda Surat, India, kununua vitambaa anaweza kupoteza mtaji kwa kutojua desturi tu.

Kwanza, hesabu. Laki ya huko ni sawa na yetu, 100,000, ila huandikwa 1,00,000. Krori moja ni laki 100, yaani milioni 10. Soma ankara taratibu kabla ya kulipa.

Pili, muuzaji akiyumbisha kichwa huku na huku, usidhani amekataa. Mara nyingi anasema "sawa" au "nimekusikia". Bei iandikwe.

Fedha toa na upokee kwa mkono wa kulia. Ukialikwa chakula, usiulizie nyama, wengi hawali.

Usisafiri wakati wa Diwali, Oktoba au Novemba. Masoko hufungwa siku kadhaa, nawe utalipia chumba bila mzigo.