Kurasa Mbili za Gazeti la Shule

Gazeti la shule likifunguliwa jicho halitazami ukurasa mmoja. Linaona zote mbili kwa pamoja, wa kushoto na wa kulia. Basi vijana wetu wa Likoni, Kisauni na Changamwe wanaolitengeneza tunawaomba wazipange kurasa hizo kama kitu kimoja: kichwa kimoja, na picha moja kubwa kuzishinda zote. Picha kumi na mbili za ukubwa sawa zinachosha, mtu hajui aanzie wapi.

Katikati pana mkunjo. Hapo msiweke uso wa mtu, utamezwa. Kama ni picha ya wanafunzi kwenye feri ya Likoni, mkunjo upite majini.

Picha za kutumiwa kwa WhatsApp hupungua ubora. Kwenye simu zinang'aa, kwenye karatasi zinatoka na ukungu. Mwombeni mpiga picha faili yenyewe. Uchapaji mzuri unataka nukta 300 kwa inchi, yaani picha ya upana wa inchi 6 iwe na nukta 1,800.

Lakini jambo kubwa ni majina. "Wanafunzi wakifurahia" si maelezo hayo! Andikeni ni nani na nani, kuanzia kushoto, na kila mmoja aulizwe jina lake linaandikwaje. Kisha hesabuni: nani hayumo kabisa? Mara nyingi ni yule aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo siku ya kupigwa picha. Atafutwe, apigwe hata kwa simu, kabla gazeti halijaenda kwa mchapaji. Pengine hiyo ndiyo picha pekee ya karatasi mamake atakayobaki nayo.