Hisa Hamsini Hazitoshi

Tuseme majirani watatu wa Bagira wamechanga dola 2,000 wafungue SARL (kampuni yenye dhima ya kikomo) yenye mashini ya kusagia mihogo na mahindi. Mmoja katoa 1,000, wa pili 600, wa tatu 400. Kwa mia, hisa zao ni 50, 30 na 20. Mwenye 50 anajiona bosi. Siku ya kikao anataka faida inunue mota mpya, wenzake wawili wanataka wagawane. Hamsini kwa hamsini. Mota kuukuu inazidi kukohoa, na wateja wanapeleka magunia yao kwingine.

Kongo ya Kinshasa imo OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria za pamoja za biashara, tangu 12 Septemba 2012, na sheria ya makampuni iliyorekebishwa 30 Januari 2014 inataka uamuzi wa kawaida wa SARL uungwe mkono na wenye zaidi ya nusu ya mtaji. Nusu kamili haipitishi kitu.

Hesabu ingewaonya mapema. Sare huhitaji pande mbili zenye namba sawa, na namba nzima ukiijumlisha na yenyewe hupati witiri kamwe, ni shufwa tu. Basi gawanya hisa zote kwa kigawo chao kikubwa kabisa. 50, 30 na 20 zikigawanywa kwa 10 zinakuwa 5, 3 na 2, jumla 10: shufwa, hatari ipo. 40, 40 na 20 zikigawanywa kwa 20 zinakuwa 2, 2 na 1, jumla 5. Witiri. Wote wakipiga kura, sare haiwezekani. (Shufwa nayo hailazimishi sare: kwa 70, 20 na 10 hakuna sare, maana mmoja anaamua peke yake. Huo ni ugonjwa mwingine.)

Sasa rudi kwa 40, 40 na 20, umtazame mwenye 20. Wawili wowote wakiungana wanavuka nusu, kwa hiyo ana nguvu sawa na mwenye 40. John Banzhaf, mwanasheria wa Marekani, alionyesha mwaka 1965 kwamba wingi wa kura si kipimo cha nguvu: hesabu ni mara ngapi kura yako inageuza matokeo. Lakini kubadili katiba ya kampuni kunadai robo tatu ya mtaji. Wenye 40 wawili wanafika 80, wanapita. Mmoja wao akiwa na mwenye 20 wanaishia 60. Hapo kura ya mdogo haina kazi, ingawa hisa ni zilezile.

Tena, kikao cha kwanza kikishindwa, cha pili huhesabu kura zilizopigwa tu, isipokuwa katiba imekataza. Mwenye 20 akiwa safarini, 40 kwa 40 inarudi.

Kwa hiyo, kabla ya kutia sahihi, andikeni kwenye katiba nani ataamua mkifungana, na asiyekuwepo atapigiwa kura na nani.