Mtoto akipiga mayowe unampa simu? Jua unachomfunza

HEBU fikiria hii. Uko supamaketi na ndugu yako wa miaka minne. Anataka chokoleti, unamwambia hapana. Anajitupa sakafuni, anapiga mayowe, na foleni nzima inakugeukia. Aibu inakushika. Unainunua mambo yaishe.

Yameisha, lakini kwa leo tu. Mtoto amejifunza kwamba mayowe huleta chokoleti. Wataalamu wa tabia huita hiyo uimarishaji chanya: tabia inafuatwa na kitu kizuri, kwa hivyo inarudi. Wewe nawe umejifunza kwamba ukilipa, kelele zinakoma. Huo ni uimarishaji hasi: kero inaondolewa, nawe utarudia kilichoiondoa. Wengi hudhani hasi maana yake ni adhabu. La, adhabu hupunguza tabia, ilhali uimarishaji wa aina zote mbili huiongeza.

Maneno haya yalitokana na kazi ya B.F. Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechapisha kitabu chake cha kwanza mwaka wa 1938. Kufikia 1968, wenzake walikuwa na jarida la kutumia elimu hiyo katika maisha ya kila siku. Leo inajulikana zaidi kwa kufunza watoto wenye usonji.

Sasa, ukiamua kutolipa tena, jiandae. Mwanzoni mayowe huenda yakazidi kabla ya kupungua. Ukivumilia mara nne halafu ya tano ukubali, umeharibu zaidi, kwani umemfunza kulia kwa muda mrefu. Tuzo inayokuja mara moja moja ndiyo inayonasa. Uliza jamaa yeyote anayebeti: mikeka tisa imechanika, lakini ule mmoja ulioingia unamrudisha kila wikendi.

Kabla ya hayo yote, andika mambo matatu: nini kilitangulia, mtoto alifanya nini, na nini kilifuata. Baada ya siku chache utaona mtindo. Huenda anataka kitu, anataka umtazame, anakwepa kazi, au mwili wake unahitaji hisia fulani. Huenda pia anaumwa sikio au amelemewa na kelele na taa. Huyo hahitaji kupuuzwa, anahitaji kusaidiwa.

Kisha mfunze njia mbadala. Kama hawezi kusema "naomba", aonyeshe kwa kidole au kwa picha, na umjibu hapo hapo.

Kazi ndefu nazo hukatwa vipande. Kunawa mikono ni kufungua mfereji, kulowesha, kupaka sabuni, kusugua, kusuuza, kufunga mfereji na kupangusa. Unaweza kumsaidia hatua sita, afanye ya mwisho peke yake na asifiwe. Akiishika, mwachie mbili za mwisho. Msaada wako, yaani kidokezo, nao upunguze polepole: leo unamshika mkono, kesho unaonyesha kidole, keshokutwa unatazama tu. Usipoupunguza, atazoea kukungoja.

Hata hivyo, mbinu hizi zina historia chafu. Katika miaka ya 1960, Ivar Lovaas wa chuo cha UCLA alitumia hata mshtuko wa umeme kwa watoto wenye usonji. Mwaka wa 1987 alitangaza kwamba watoto 9 kati ya 19 waliofunzwa takriban saa 40 kwa wiki walifikia kiwango cha kawaida cha akili, na wazazi wengi wakavutiwa. Lakini watu wazima wenye usonji wamelalamika kwamba walifunzwa kuficha walivyo: kukodoa macho wasipotaka, kuacha kupunga mikono hata kama haimdhuru mtu.

Kwa hivyo kabla ya kubadilisha tabia yoyote, jiulize: hii itamfaa mtoto, au itaniondolea mimi aibu kwenye foleni?