Neno "Mkamilifu" na Ugonjwa wa Wasiwasi

Wako Wakristo, na miongoni mwao walimu si wachache, wasiothubutu kuijongea Meza ya Bwana kwa kuwa juma hilo walikasirika mara moja. Wako na wanafunzi waandikao na kufuta, waandikao na kufuta, hata kengele ikalia wasiwe na neno la kumwonyesha mwalimu. Ukiwauliza sababu, wakubwa hao watakujibu kwa andiko: Bwana aliagiza tuwe wakamilifu, Mathayo 5:48. Basi yafaa tulichungue neno lenyewe.

"Kamili" asili yake ni Kiarabu, na sokoni ni neno la hesabu. Shilingi mia kamili ni mia isiyopungua hata senti moja. Msikilizaji wetu huichukua maana hiyo ya sokoni akaingia nayo kanisani, akajihesabu kila jioni, na kila jioni akajiona amepungua. Walakini neno la Kiyunani katika aya ile ni teleios, litokalo katika telos, yaani mwisho au kikomo kilichokusudiwa. Chaitwa teleios kitu kilichofika kikomo chake, kama embe lililopevuka. Embe laweza kuwa na doa gandani, nalo limepevuka vilevile.

Ushahidi hauko mbali. Katika Waebrania 5:14 neno ni hilo hilo, na wafasiri wa Biblia ya Kiswahili iitwayo Union Version, iliyotolewa mwaka 1952, waliandika "watu wazima". Nami naona walifasiri vyema sana. Paulo naye, katika Wafilipi 3:12, akana kwamba amekwisha kufikia ukamilifu, na katika aya ya 15 ajitia mwenyewe miongoni mwa walio wakamilifu. Kwa maana ya sokoni amejipinga. Kwa maana ya mtu mzima hakujipinga hata kidogo, maana mtu mzima ndiye ajuaye kwamba safari haijaisha. Tena aya zitanguliazo Mathayo 5:48 zanena habari za kuwapenda adui, na za jua na mvua wapewazo wema na waovu pamoja. Na Luka, katika 6:36, mahali pa neno lile aliandika habari ya huruma. Ukamilifu ulioagizwa ni wa upendo usiogawanyika. Makosa ya imla hayamo.

Ugonjwa wenyewe watu wa pwani wanalo jina lake tangu zamani: wasiwasi. Nalo ni neno la Kiarabu, lenye maana ya mnong'ono wa Shetani moyoni. Waislamu humwita mwenye wasiwasi mtu arudiaye udhu tena na tena, akidhani maji hayakufika, na walimu wao humkataza. Walatini walisema scrupulus, kijiwe chenye ncha. Na kila aliyetembea na kijiwe kiatuni ajua kwamba udogo wake haupunguzi maumivu.

Martin Luther, aliyeingia utawani huko Erfurt mwaka 1505, alikuwa na kijiwe hicho. Aliungama kwa saa nyingi, na akiisha kuondoka hukumbuka jambo jingine. Johann von Staupitz, mkuu wake, hakumwongezea hesabu ya dhambi, bali alimwelekeza ayatazame majeraha ya Kristo. Ndiyo tiba: jicho liondoke katika hesabu, limtazame Bwana.

Kwa hiyo mwenye wasiwasi asiambiwe, "Jitahidi zaidi." Amekwisha kujitahidi kupita kiasi. Padre amwagize asiungame tena lile aliloondolewa, na siku ya Jumapili aje Mezani ajapokuwa moyo wanung'unika. Mwalimu ampe mtoto sentensi tano, bila ruhusa ya kufuta, azikabidhi kengele ikilia, naye asifiwe kwanza kwa kuzikabidhi. Masahihisho yangoje kesho.

Mimi nifundishapo aya ile huja darasani na maembe mawili, moja changa lisilo na doa, na moja lililoiva lenye madoa, nikawauliza watoto ni lipi watakalokula.