Fahamu: Bima ya basi huishia wapi barabara ya Garsen–Lamu ikifunikwa na maji?

Mvua za El Niño zilipofunika barabara ya Garsen–Lamu eneo la Lango la Simba, Novemba 2023, magari yalikwama na abiria wakavushwa kwa mashua. Sheria ya Kenya, Sura ya 405, humlazimu mwenye gari la abiria kuwakatia abiria wake bima ya kifo na majeraha. Fidia ya bima hiyo haizidi shilingi milioni 3 kwa mtu. Lakini sheria hiyo ni ya magari barabarani. Abiria akishuka, begi kichwani, akapanda mashua, kinga ya basi haimfuati majini, wala hailipii mzigo uliolowa au malazi ya dharura Garsen.

Pengo hilo lingeweza kuzibwa na bima ya safari. Wapo watakaosema bima hiyo ni ya watalii. Kweli, watalii huinunua, na hata wao hunyimwa fidia wakiinunua mafuriko yameshaanza. Hilo, kwa maoni yangu, linathibitisha tu kwamba bima itangulie mvua. Utabiri wa El Niño ulitolewa kabla ya mvua za mwaka ule. Kampuni za mabasi zingeweza kuweka kinga ya kivuko ndani ya nauli. Hadi zitakapofanya hivyo, msafiri, usipande mashua isiyo na jaketi za kuokolea maisha.