Kazi ya Kupima Akili ya Mtoto

Mtoto akishindwa kukumbuka hesabu aliyofundishwa jana, sisi wazazi hatukawii kumwita mvivu. Mwalimu naye humwita mzito, wenzake humcheka, na mambo huishia hapo. Ni wachache kati yetu waulizao mtoto huyo amekula nini, na chakula chake kilitayarishwa namna gani. Lakini wako watu ambao kuuliza hivyo ndiyo kazi yao ya kila siku. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu wa Kalemie habari za kazi hiyo, na hasa ninyi wanafunzi wa sekondari, mnaoulizana mtafanya nini mkisha kupata diploma ya Serikali.

Ili kuiona kazi yenyewe, yatupasa kuivuka nchi yetu yote, tuliache ziwa nyuma yetu, mpaka tufike Kahemba katika jimbo la Kwango, karibu na mpaka wa Angola. Huko watu hula bukari wa muhogo kama sisi, ila hawana ziwa la kuwapa ndagala na mikebuka. Na huko uko ugonjwa uitwao konzo. Katika lugha ya Wayaka jina hilo lina maana ya miguu iliyofungwa, nalo ni jina la kweli kabisa. Mtoto aliyekuwa akikimbia hukakamaa miguu kwa ghafula, na tangu siku hiyo hutembea kwa fimbo au hutambaa, wala hakuna dawa ya kumrudishia miguu yake. Daktari Giovanni Trolli aliandika habari za ugonjwa huo wa Kwango mwaka 1938. Mwaka 1985, wakati wa ukame, ulionekana Tarime katika Tanzania. Katika miaka ya vita umeonekana hata Burhinyi, Kivu ya Kusini. Basi, msomaji asidhani ya kuwa ni shida ya watu wa mbali tu.

Chanzo chake ni muhogo mchungu uliotayarishwa kwa haraka. Ndani ya muhogo huo mna sumu iitwayo sianidi. Mama zetu wa zamani waliijua bila kujua jina lake: waliuloweka muhogo siku tatu, wakauanika, ndipo wakautwanga. Lakini katika jimbo la Bandundu la siku zile, barabara nzuri ilipofika na malori ya Kinshasa yakaanza kutafuta muhogo, kuloweka kwa siku tatu kukawa usiku mmoja. Wataalamu waliandika jambo hilo mwaka 1992. Tena mwili huishinda sumu hiyo kwa nguvu ya vyakula kama samaki, nyama na maharagwe. Alaye muhogo mtupu hana silaha. Kwa hiyo dagaa wetu, ambao wengine huona haya kuwaweka mbele ya mgeni, ni ulinzi mkubwa.

Miguu iliyofungwa kila mtu huiona. Je, kichwa nacho? Hilo ndilo swali waliloliuliza Daktari Désiré Tshala-Katumbay, mwana wa Kongo aliyesoma udaktari Kinshasa kisha akafanya kazi Oregon, Marekani, pamoja na Profesa Michael Boivin wa Chuo Kikuu cha Michigan State, na madaktari wenzao wa Kinshasa. Walichagua watoto 123 wenye konzo. Na watoto 87 majirani zao, wasio na konzo. Na watoto wengine 82 wa kijiji ambacho konzo haikuzuka.

Majina ya maprofesa hutajwa. Lakini katika kila utafiti wa namna hii yuko mtu wa kati, ambaye jina lake husikika mara chache. Huyo ni mratibu, yaani mtu apangaye na kuunganisha kazi yote, akisimama kati ya karatasi ya profesa na ua wa mama kijijini. Sisi tunaona ya kuwa bila yeye karatasi ya profesa haina thamani.

Kazi yake huanza kabla ya mtoto wa kwanza kuonekana. Lazima kamati ya watu wenye kuchunguza haki na wema wa utafiti isome mpango na kuukubali. Kisha huenda kwa wazazi, akaketi, akasema waziwazi: “Mama, mtoto wako ataulizwa maswali, na kutolewa damu kidogo. Hatuna dawa ya kumponya. Ukikataa, hakuna atakayekukasirikia, na hata ukikubali leo waweza kumwondoa kesho.” Mama asiyejua kuandika huweka kidole mbele ya shahidi. Maneno hayo ni mepesi kuyaandika, lakini ni magumu kuyasema mbele ya mama ambaye mtoto wake anatambaa, naye anakutazama akitumaini ya kuwa umeleta dawa. Mratibu mbaya ataacha tumaini hilo likae bila kulisahihisha, ili kidole kiwekwe upesi. Tumesikia watu wakinung’unika juu ya wageni wanaochukua damu wakaenda zao wasirudi tena. Tunafikiri manung’uniko mengi huzaliwa hapo.

Baadaye waja mtihani wenyewe. Ule uliotumika Kahemba ulitungwa Marekani na Kaufman na mkewe. Hauulizi mambo ya shuleni. Mtoto husikia tarakimu akazirudia kwa mfuatano uleule. Huonyeshwa mikono, ngumi kisha kiganja, naye huiga. Hufundishwa majina ya ajabu ya samaki waliochorwa, kisha huulizwa nani ni nani, mchezo ambao watoto wa Kalemie wangeufurahia. Lakini maelezo ya mtihani yamepasa kugeuzwa katika lugha ya kijiji, halafu mtu mwingine ayarudishe katika lugha ya kwanza, ili ionekane kama maana haikupotea njiani. Wapimaji wote wafundishwe kusema kwa sauti moja na mwendo mmoja. Mmoja akimsaidia mtoto kwa kukonyeza jicho tu, kwa huruma, hesabu imekwisha kusema uongo. Na mtoto aliyetembea saa mbili bila chakula asipimwe kabla ya kula na kupumzika, kwani hapo utapima njaa, si akili.

Kisha kuna daftari. Jina la mtoto hufichwa, hubaki namba. Namba ya mtihani, namba ya chupa ya mkojo na namba ya damu ziwe moja. Mratibu huzilinganisha jioni wakati wenzake wamelala, na daftari lake liwe safi kuliko lile la mweka hazina wa chama. (Wanachama wanajua tunasema nini.)

Majibu yalitangazwa mwaka 2013. Wenye konzo walishindwa vibaya katika kazi za miguu na mikono, jambo lililotazamiwa. Lakini akili ya makundi yote mawili ya Kahemba ilionekana kupungua ikilinganishwa na ile ya watoto wa kijiji cha tatu. Yaani hata wale majirani, waliokimbia na kucheza mpira, ambao hakuna daktari aliyewaita wagonjwa, walikuwa wamedhurika. Huenda baadhi yao waliitwa wavivu.

Jambo kama hilo halionekani kwa macho. Lilionekana kwa sababu namba zilikuwa za kweli. Mwaka 2017 yakatolewa majibu mengine ya watoto wenye konzo waliofuatwa kwa miaka 4, na madhara hayakuwa yametoweka. Hebu fikirini kazi ya kumtafuta tena mtoto yuleyule baada ya miaka hiyo, wazazi wamehama, kijiji kimehama, daftari lina namba tu na jina lililofungiwa sandukuni. Hapo mratibu huuliza kwa mkuu wa kijiji, kwa mwalimu, kwa katekista, na kama mwanzoni aliwadanganya watu, hakuna atakayemwonyesha njia.

Mwanafunzi atakaye kazi hiyo asome elimu ya nafsi au uuguzi, asiikimbie hesabu, wala asizidharau lugha za nyumbani.

Na akina mama wasingoje mtafiti. Bwana Howard Bradbury wa Canberra, Australia, alifundisha njia ambayo madaktari wa Kongo waliijaribu kijijini Kay Kalenge, eneo la Popokabaka, mwaka 2010 na 2011, na wakati huo hakuonekana mgonjwa mpya wa konzo. Unga wa muhogo hutiwa katika bakuli, ukachanganywa na maji mpaka ulowe wote; kisha hutandazwa mwembamba juu ya mkeka, saa mbili juani au saa tano kivulini. Sumu huondoka na hewa. Bukari hupikwa siku ileile.