Ngogo wa Baharini na Neno "Sumu": Kufundisha Viumbe wa Pwani Katika Shule za Bara

Makala haya yanahusu somo moja la sayansi katika shule ya msingi, na neno moja lililolipotosha somo hilo.

Mwanachuo wetu mmoja, akiwa katika mazoezi ya kufundisha kwenye shule iliyo karibu na bwawa la Hombolo, alichora ubaoni samaki aitwaye ngogo wa baharini. Mchoro ulikuwa safi, na jina lenyewe liliamsha kicheko, maana tuko katika nchi ya Wagogo. Akaeleza kwamba samaki huyo ana sumu kali. Mtoto mmoja akanyosha mkono: "Mwalimu, kama ana sumu, mbona watu wa pwani wanamla?" Mwanachuo akajibu kuwa sumu huisha samaki akipikwa. Darasa likaridhika, somo likaendelea. Sisi tuliokuwa tumekaa nyuma hatukuridhika, ingawa hapana budi tukiri kwamba andalio la somo lile tulikuwa tumelipitia na kulitia saini sisi wenyewe asubuhi ile.

Jibu lile halikuwa la uongo. Lakini mtoto hakulipokea kama habari ya ngogo. Alilipokea kama kanuni ya sumu zote, kwamba moto huziondoa. Kanuni hiyo haifai kuachwa kichwani mwa mtoto wa mkoa huu. Mwaka 2016 watu wa wilaya za Chemba na Kondoa, pamoja na Kiteto katika mkoa jirani wa Manyara, waliugua, na wengine wakafa, kwa kula mahindi yaliyoingiwa na sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu wa nafaka. Ugali wao ulikuwa umepikwa ukaiva. Hapa Dodoma, penye kimo cha mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kabla hayajafika digrii 100, na sumukuvu huhimili joto kubwa zaidi ya hilo. Mtoto aliyefundishwa kwamba kupika huondoa sumu amefundishwa kutoogopa gunia lililoota ukungu.

Kosa liko wapi? Kiswahili chatumia neno "sumu" kwa mambo mawili. Iko sumu ya kuliwa, ambayo hudhuru ikiingia tumboni: ya sumukuvu, ya muhogo mchungu, ya bunju wa baharini. Na iko sumu ya kuchomwa au kuumwa, ambayo hudhuru ikipenyezwa mwilini kwa mwiba au kwa jino: ya nge, ya nyigu, ya nyoka, na ya huyu ngogo. Bunju hana mwiba wa kumchoma mtu, lakini anaweza kumwua mlaji, na kumpika hakusaidii kitu. Ngogo ni kinyume chake. Kuwaweka wote wawili chini ya kichwa kimoja, "samaki wenye sumu", ndiko kulikozaa swali la mtoto yule. Na swali lenyewe lilikuwa zuri kuliko somo.

Sasa tumtazame ngogo mwenyewe. Wataalamu humwita Plotosus lineatus. Ni wa ukoo mkubwa wa kambale, na ndiye pekee katika ukoo huo anayeonekana kwenye miamba ya matumbawe. Jina la ngogo hutumika pia kwa samaki wengine wa maziwa na mito, kwa hiyo ni vema mwalimu aseme "wa baharini" kila mara. Hana magamba. Mwili wake ni wa kahawia au mweusi, wenye mistari myeupe inayotoka kichwani kuelekea mkiani, na nyuma mapezi yake yameungana hata akafanana na mkunga. Ana sharubu nane. Urefu wake hufikia sentimeta 32. Wachanga hutembea kwa makundi yaliyosongamana kama mpira, mamia pamoja. Wakubwa hujificha mapangoni mchana, na usiku hutoka kutafuta kaa, kamba na minyoo. Miiba yake ni mitatu: mmoja mbele ya pezi la mgongoni, na mmoja katika kila pezi la kifuani. Ina meno kama msumeno na imefunikwa na ngozi yenye sumu. Hata akiwa amekufa wavuni mwiba wake huchoma.

Mtoto wa Hombolo au wa Mtera hajaiona bahari, lakini kambale anamjua, na wengi wamekwisha kuchomwa naye. Basi somo lianze hapo. Mwalimu alete kambale aliyekufa, anyanyue pezi la kifuani kwa koleo wala si kwa vidole, na aonyeshe jinsi mwiba unavyosimama na kukaza kama komeo. Si ngogo peke yake mwenye silaha ya namna hii: mwaka 2009 mtafiti Jeremy Wright wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, alikadiria kwamba aina za kambale wenye sumu ya kuchoma hazipungui 1,250.

Kuhusu huduma ya kwanza tunasisitiza, maana mwalimu anayehitimu hapa aweza kupangiwa Kilwa au Mafia, ambako watoto hutembea miambani maji yakipwa. Aliyechomwa atumbukize mahali penye jeraha katika maji ya moto anayoweza kuyavumilia, yasiyozidi digrii 45, kwa muda wa dakika 30 hadi 90. Maji yapimwe kwa mkono usiojeruhiwa, kwani uliojeruhiwa huenda usihisi kuwa unaungua. Jeraha lisichanjwe wala lisifyonzwe, na mgonjwa apelekwe zahanati. Kipande cha mwiba huweza kubaki ndani, na kinga ya pepopunda huhitajika. Joto hutuliza maumivu, na maelezo ya kawaida ni kwamba sumu hii ni ya protini, nayo protini huharibiwa na joto. Hapo ndipo jibu la mwanachuo lilipokuwa na ukweli.

Zana ya kulionyesha jambo hili ni ute wa yai uliotiwa katika maji ya moto: hugeuka mweupe, na haurudi kuwa kama ulivyokuwa. Lakini mwalimu aonye kwamba maji yanayogeuza ute wa yai humwunguza mtu.

Wiki iliyofuata mwanachuo alilirudia somo. Alichora safu mbili ubaoni, "ya kuliwa" na "ya kuchomwa", akawaacha wanafunzi wapange wenyewe: nge, muhogo mchungu, bunju, nyigu, mahindi yenye ukungu, ngogo. Walibishana kwa muda mrefu juu ya ngogo, wakamweka mahali pake. Kisha msichana mmoja akauliza aandike wapi swila, nyoka atemaye sumu machoni. Andalio halikuwa na safu hiyo. Mwanachuo alitutazama sisi tuliokaa nyuma, kisha akachukua chaki akachora safu ya tatu.